Babu alikuwa Mgiriki wa mkonge: je, nina haki ya uraia wa Ugiriki?

*"Shikamoo wakili. Babu mzaa baba alikuwa Mgiriki. Alianza kama meneja, baadaye akawa na shamba lake dogo la mkonge karibu na Korogwe. Bibi ni Mzigua wa hukohuko, na bado yuko hai. Baba alizaliwa 1952. Babu hakumkana: alimpa jina lake la ukoo, alimlipia ada mpaka kidato cha nne, na kwenye cheti cha ubatizo cha misheni ya Magila ameandikwa yeye kama baba. Mwaka 1968, baada ya Azimio la Arusha, akarudi kwao. Zilikuja barua mbili za Kigiriki, kisha kimya. Tulisikia alifariki 1985. Baba naye alifariki 2016. Mimi nina miaka 34, niko Dar, na nina mdogo wangu wa kiume wa miaka 27. Nimepima DNA kwa mate, imetoka asilimia 24 Ugiriki na Balkani. Kuna wakala mtandaoni anasema kwa matokeo hayo uraia ni haki yangu, anataka euro 3,500 na miezi sita. Mjomba ananishauri niuze kiwanja nilipe. Ni kweli? Na kama si kweli, kuna njia nyingine?"*

Marahaba, binti yangu. Kabla ya yote: kiwanja usiuze. Huyo wakala amekuahidi kitu ambacho hakuna mtu anayeweza kukuahidi kabla ya kuona karatasi, tena kwa kutumia ushahidi ambao hauna kazi anayosema unayo. Nitakueleza kwa nini, halafu tutazame kilichobaki, maana kipo. Milango iliyobaki ni miembamba, lakini ni ya kweli, na mmoja wao unaanzia kwa bibi yako, siyo kwenye simu ya wakala.

Nimesoma swali lako mara tatu. Naona kuna mambo mawili ndani yake. Unauliza kama sheria itakupa pasipoti. Na chini yake, sijui kama umeligundua, unauliza kama sheria itakubali kwamba yule mzee alikuwa babu yako. Hayo ni maswali mawili tofauti. La pili tayari lina jibu: jina unalobeba, ada aliyolipa, cheti cha Magila. Hakuna ofisi ya Athens inayoweza kukunyang'anya hilo. Nalisema mapema kwa sababu huko mbele nitasema maneno magumu juu ya swali la kwanza, na sitaki yakuguse mahali pasipohusika.

Tuanze na hiyo asilimia 24. Mjukuu hupokea kwa wastani robo ya vinasaba vyake kutoka kwa kila babu na bibi, kwa hiyo tarakimu yako inaendana vizuri na habari ya familia. Lakini kampuni hizo hulinganisha mate yako na sampuli za watu wa eneo fulani zilizomo kwenye hifadhi yao, kisha hukisia unafanana na nani. Ndiyo maana wameandika "Ugiriki na Balkani" kwa pamoja, kwa sababu watu wa pande zile wamechanganyika kwa karne nyingi. Kipimo hakijui babu yako alikuwa raia wa dola gani. Tena hata kingekuwa na usahihi wa mia kwa mia, sheria ya uraia ya Ugiriki haiulizi damu peke yake. Inauliza tendo la kisheria: ndoa, au utambuzi wa mtoto, lililofanywa na nani, mbele ya nani, tarehe gani, na likaandikwa daftari gani. Wahenga wetu walisema mali bila daftari huisha bila habari. Uraia wa nasaba ndivyo ulivyo.

Sasa kanuni yenyewe. Kifungu cha 1 cha Sheria ya Uraia ya Ugiriki, namba 3284 ya mwaka 2004, kinasema mtoto wa raia wa Ugiriki, mwanamume au mwanamke, ni raia tangu kuzaliwa. Hakuna kikomo cha vizazi. Hapa ndipo watu wengi hukosea kwa upande wa pili, wakidhani ukishapita mjukuu haki imekwisha. La. Hata kitukuu anaweza kuwa raia, mradi kila pingu ya mnyororo ni nzima: huyu alikuwa raia siku alipozaliwa yule, naye alikuwa raia siku alipozaliwa mwingine. Ikikatika pingu moja, zote za chini yake zinaanguka. Kwako pingu ni mbili tu, babu kwa baba na baba kwako. Ile ya pili haina shida kama ndoa ya wazazi wako imesajiliwa. Ni ya kwanza inayonikosesha usingizi.

Kila pingu hupimwa kwa sheria iliyokuwa ikitumika siku ile, siyo kwa sheria ya leo. Baba yako alizaliwa 1952. Wakati huo Mgiriki mwanamume alimrithisha uraia mtoto aliyezaliwa ndani ya ndoa inayotambuliwa na Ugiriki. Na ndoa iliyotambuliwa kwa Mgiriki Mwothodoksi, mpaka mwaka 1982, ilikuwa ni ile ya kanisani tu, mbele ya padri. Ndoa ya serikali haikuwapo kwao kabisa. Iliingizwa na sheria namba 1250 ya mwaka huo. Kwa hiyo Wagiriki walioishi huku na mwanamke wa Kiafrika miaka ishirini, wakajenga naye, wakazaa naye, hata wakatoa mahari, mbele ya sheria ya kwao walihesabiwa kama makapera. Watoto wao walihesabiwa ni wa nje ya ndoa, na mtoto wa nje ya ndoa alifuata mamaye.

Palikuwa na njia ya kumvusha mtoto huyo: utambuzi. Lakini neno hili linatuponza, kwa sababu kwetu "kumtambua mtoto" ni kumpa jina, kumlipia ada, kusimama kwenye ubatizo wake. Babu yako aliyafanya yote hayo, na kwa macho ya Korogwe alimtambua mwanawe bila shaka yoyote. Kwa sheria ya Kigiriki, utambuzi wa hiari hufanywa kwa tamko mbele ya mthibitishaji wa hati, yule wanayemwita simvoleografo, au kwa wosia. Ughaibuni konsuli wa Ugiriki ana mamlaka ya kufanya kazi ya mthibitishaji huyo. Jina kwenye kitabu cha ubatizo cha misheni ya Kianglikana ni ushahidi mzuri wa ukoo. Tamko la kisheria siyo.

Kuna na umri. Utambuzi huleta uraia pale tu mtoto anapotambuliwa kabla hajafikia utu uzima. Leo utu uzima Ugiriki ni miaka 18, lakini kabla ya mageuzi ya sheria ya familia ya 1983 ulikuwa miaka 21. Kwa baba yako hilo linatupa dirisha la kutafuta: tangu alipozaliwa 1952 mpaka alipotimiza miaka 21, mwaka 1973. Angalia kwamba dirisha hili linavuka 1968. Huenda babu alipofika kwao, akiwa na majuto au na utulivu ambao hakuwa nao Tanganyika, alikwenda kwa mthibitishaji wa mji wake akaandikisha kwamba ana mtoto Korogwe. Sikuambii kwamba alifanya hivyo. Nakuambia miaka hiyo mitano, 1968 mpaka 1973, usiiruke katika utafutaji wako.

Wosia nao, kama aliuacha, ungeanza kufanya kazi alipofariki 1985, baba yako akiwa na miaka 33. Ungeweza kuthibitisha ukoo, pengine hata kugusa mirathi. Uraia usingeuleta. Na kufungua kesi leo ili mahakama itangaze kwamba baba alikuwa mwana wa babu, hata ukishinda, hakukupi uraia kwa sababu ileile ya umri, mbali na kwamba sheria ya Ugiriki humpa mtoto mwaka mmoja tu baada ya kufikia utu uzima kudai utambuzi wa aina hiyo. Mtu akikuuzia kesi ya namna hii kama njia ya pasipoti, mkatalie.

Kwa hiyo mambo mawili tu yanaweza kuifanya pingu ya kwanza kuwa nzima. Ama babu na bibi walifunga ndoa kwa padri wa Kiorthodoksi, kabla ya baba kuzaliwa au baadaye akiwa bado mdogo. Ama babu alitoa tamko rasmi la utambuzi kabla ya baba kufikia utu uzima. Lipo la tatu ambalo ni lazima nilitaje kwa uaminifu: ndoa ya bomani, mbele ya DC, yaani mkuu wa wilaya. Sheria ya 1982 ilizirudia ndoa za kiserikali za zamani na kuzipa uhalali, na Kifungu cha 14 cha sheria ya uraia kinamruhusu mtoto wa baba Mgiriki na mama mgeni aliyezaliwa katika ndoa kama hiyo kabla ya 16 Julai 1982 kuwa raia kwa kutoa tamko. Lakini tamko hilo hulitoa mtoto mwenyewe, na baba yako alifariki bila kulitoa. Ukikuta cheti cha ndoa ya bomani usikitupe, kipeleke kwa wakili wa Ugiriki akipime, ila usikijengee matumaini makubwa.

Mwenye kusoma hapa ambaye Mgiriki wake ni mama, kifungu hichohicho cha 14 ndicho chako: waliozaliwa kabla ya 8 Mei 1984 na mama Mgiriki aliyeolewa na mgeni hutoa tamko. Njia hiyo imenyooka kuliko hii ya binti yetu, na inasikitisha kwamba wengi hawaijui.

Sasa nirudi kwa babu, maana kuna swali ambalo wala hukuliuliza: je, babu mwenyewe alikuwa raia wa Ugiriki? Kwetu kila aliyesali Kiorthodoksi na kupika kwa mafuta ya zeituni aliitwa Mgiriki. Wagiriki walianza kuja huku wakati wa Mjerumani, wakifanya kazi za ukandarasi na usimamizi kwenye reli, ile ya Tanga na ile ya kati. Baada ya Vita vya Kwanza mashamba ya Wajerumani yalipopigwa mnada kama mali ya adui, Wagiriki walikuwa miongoni mwa walionunua, na ndivyo mkonge wa Tanga na Morogoro na kahawa ya Kilimanjaro vilivyopata mabwana wenye majina marefu. Msomaji wa Dar anajua Ukumbi wa Arnautoglu pale Mnazi Mmoja, ambako mwaka 1953 Nyerere alichaguliwa kuongoza TAA, chama kilichoitangulia TANU. Una jina la Mgiriki wa mkonge. Hawakuwa wapita njia.

Lakini walitoka sehemu nyingi. Wamo waliotoka kisiwa cha Lemnos, ambacho kilikuwa chini ya dola ya Othmaniya mpaka Oktoba 1912. Wamo wa Tenedos, kisiwa ambacho baada ya Mkataba wa Lausanne wa 1923 kilibaki Uturuki. Wa Rhodes na visiwa jirani walikuwa chini ya Italia tangu 1912 mpaka visiwa hivyo vilipokabidhiwa Ugiriki 1947. Wa Kupro walikuwa raia wa Mwingereza, na wajukuu wao wanapaswa kubisha mlango wa Nicosia, siyo wa Athens. Wote hao walizungumza Kigiriki na wote tuliwaita Wagiriki. Ni daftari la manispaa tu litakalosema babu yako aliandikwa wapi na kama raia wa nani.

Daftari hilo linaitwa dimotoloyio. Kila raia wa Ugiriki ana ukurasa wa familia katika manispaa fulani. Kwa wanaume kuna na daftari la pili, mitroo arenoni, rejista ya wanaume iliyotunzwa kwa ajili ya jeshi, na mara nyingi hii ndiyo huokoa jahazi kwa mtu aliyeondoka kijijini akiwa kijana. Ukimpata babu humo, omba nakala ya hali ya familia. Nakala hiyo moja itajibu karibu kila kitu: ataonekana kama kapera, au kama mume wa fulani, au kama baba wa mtoto aliyeandikwa kwa jina la baba yako. Jiandae pia kwa uwezekano kwamba utamkuta na mke na watoto wengine huko. Hutokea. Ni ndugu zako wa damu ambao huenda hawajawahi kusikia habari za Korogwe, kwa hiyo ukiwaandikia, waandikie kwanza kama ndugu, siyo kama mdai.

Ugumu ni kwamba huwezi kupekua nchi nzima. Unahitaji kujua kijiji au kisiwa. Hapa jina la ukoo husaidia kidogo: yanayoishia na -akis mara nyingi ni ya Krete, -poulos ya Peloponnese, -ellis ya Lesvos na kandokando yake, -atos ya Kefalonia, -idis ya waliotoka pwani ya Bahari Nyeusi. Ni dalili tu. Na andika kila namna jina lilivyopata kuandikwa, kwa sababu karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia, misheni ikaandika inavyojua, na manamba wa shambani wakamwita Bwana Yani au Bwana Kosta wakamaliza. Yani ni Yannis, ambaye kwenye karatasi za serikali anaweza kuwa John au Ioannis. Kosta ni Konstantinos. Ofisa wa manispaa hatakuunganishia majina hayo, utayaunganisha wewe.

Hizo barua mbili ziko wapi? Hukuniambia kama zimewahi kusomwa. Familia nyingi huzitunza sandukuni kama kumbukumbu na hakuna anayejua zinasema nini. Zitafsiri sasa, zote, hata salamu. Mtu anayeandika barua ya nyumbani hutaja kanisa la kijiji, jina la dada yake, mavuno ya nani, jirani gani amefariki. Katika barua ya 1969 anaweza kuwa ameandika pia "nimekwenda kwa mthibitishaji". Kwa hatua hii ya kwanza mtu anayejua Kigiriki vizuri anatosha, tafsiri rasmi utailipia baadaye kama kuna la kupeleka ofisini.

Halafu nenda Korogwe ukakae na bibi. Yuko hai, na kwa hesabu ya mwaka wa baba yako amekwenda umri mkubwa, kwa hiyo nenda mwezi huu. Usiende na fomu. Wanawake wa rika lake walioishi na Wazungu wa mashambani walisemwa sana, na wengine hawajawahi kuulizwa kwa heshima hata siku moja maisha yao yalikuwaje. Muulize polepole. Je, kuna siku walikwenda kanisani, yeye na babu, siyo Magila bali kwa padri mwenye ndevu na joho jeusi, wakavishwa mataji kichwani? Nakutajia mataji kwa sababu ndiyo alama ya arusi ya Kiorthodoksi na hakuna anayeisahau. Bibi kuwa Mwanglikana hakukuwa kizuizi, kwa kuwa kanisa hilo huweza kumwozesha mwumini wake na Mkristo mwingine aliyebatizwa. Muulize kama waliwahi kwenda bomani kutia sahihi. Kama baba alibatizwa mara ya pili. Kama babu alimpeleka mtoto Tanga mjini au Dar kuonana na konsuli. Rekodi sauti yake ukimwomba ruhusa. Neno lake peke yake halitakubaliwa kama ushahidi wa ndoa, lakini litakuambia utafute rejista gani.

Rejista za Waorthodoksi utazitafuta kwa Kanisa lenyewe, ambalo nchini mwetu liko chini ya Patriaki ya Aleksandria. Dar es Salaam kuna makao ya jimbo lao la Irinopolis, Irinopolis ikiwa ndilo jina lao la Kigiriki la mji huo wa salama. Andika barua ya kawaida, taja majina yote na miaka ya kukisia, omba wakutazamie vitabu vya ndoa na ubatizo. Kwa upande wa serikali, RITA ndio wenye kumbukumbu za vizazi na ndoa zilizosajiliwa. Usikate tamaa usipokuta kizazi cha baba: wakati wa Mwingereza usajili ulikuwa wa lazima kwa Wazungu na Waasia, Mwafrika hakulazimishwa, na mtoto chotara aliangukia popote karani alipoona panafaa. Ukimkuta kwenye kitabu cha Wazungu ni habari nzuri sana, kwa sababu ina maana kuna mtu alikwenda kumwandikisha, na huenda sahihi ya babu iko pale.

Ukikosa ndoa na ukakosa tamko, inabaki njia nyingine kabisa ambayo si kudai uraia bali kuuomba. Sheria ya Ugiriki inamtambua omoyenisi, mtu wa asili ya Kigiriki asiye raia, na inamruhusu aliye ughaibuni kuomba uraia kupitia ubalozi. Hapo utapeleka nyaraka za ukoo, na utahojiwa. Wanatafuta kitu wanachokiita mwamko wa kitaifa wa Kigiriki: lugha, mila, uhusiano na jumuiya au kanisa, ujuzi wa historia yao. Uamuzi ni wa serikali, wanaweza kukataa, na muda hauna mkataba. Kwako uzuri wake ni kwamba haudai mnyororo wa uraia usiokatika. Ugumu ni kwamba ukoo bado lazima uthibitishwe kwa karatasi zinazowaridhisha, na mtu aliyelelewa bila neno la Kigiriki nyumbani ana safari ndefu mbele ya meza ile. Ningekuwa wewe na ningeitaka njia hii kwa dhati, ningeanza kujifunza lugha leo, kabla ya kujua kama nyaraka zitapatikana. Ukiikosa pasipoti, utakuwa umeweza kuzisoma barua za babu yako mwenyewe.

Njia ya kawaida ya mgeni ipo pia: kuishi Ugiriki kihalali, kwa kanuni ya jumla miaka saba, kufaulu mtihani wa lugha na elimu ya uraia, kisha kuomba. Kwa mtu wa miaka 34 mwenye kazi au nafasi ya masomo huko si ndoto, ingawa najua siyo ulichoniuliza.

Sasa jambo ambalo wakala hakukutajia, na lingeweza kukuumiza kuliko hizo euro. Tanzania hairuhusu uraia pacha kwa mtu mzima. Sheria ya Uraia ya 1995 inasema Mtanzania anayechukua uraia wa nchi nyingine kwa hiari yake anaupoteza wa Tanzania. Ukiomba kama omoyenisi na ukapewa, ni tendo la hiari, halina mjadala. Ukigundulika kuwa ulikuwa raia wa Ugiriki tangu kuzaliwa, jambo ni gumu zaidi, kwa kuwa sheria yetu humtaka aliyezaliwa na uraia mbili achague anapofikia utu uzima. Kiwanja ambacho mjomba anataka uuze, pasipoti yako, kura yako, yote yanaguswa. Serikali imeanzisha hadhi maalumu kwa watu wa asili ya Tanzania walio raia wa nje, nayo inapunguza makali kiasi, lakini hadhi si uraia. Ndugu zetu wa Kenya hawana tatizo hili tangu Katiba ya 2010. Sisi tunalo. Kaa na wakili wa hapa anayejua mambo ya uhamiaji kabla hujatia sahihi tamko lolote kwa dola nyingine.

Na mdogo wako: kama mnyororo ukikamilika, kwake unakuja na jeshi. Raia mwanamume wa Ugiriki ana wajibu wa utumishi wa kijeshi kati ya miaka 19 na 45. Aishiye nje kwa kudumu anaweza kupata cheti cha hadhi hiyo na kuahirishiwa, lakini lazima akiombe, na akihamia Ugiriki mambo hubadilika. Aamue mwenyewe. Usimwandikishe kama zawadi.

Utahitaji kuonana na watu ana kwa ana katika hatua mbili. Ubalozi wa Ugiriki ulioko Nairobi ndio unaohudumia na Tanzania. Waandikie mapema kuuliza mlolongo wa uthibitishaji wa hati za Tanzania wanaoutaka, kwa sababu cheti cha RITA kisichopitia mihuri inayotakiwa hakitapokelewa, na kila hati itahitaji tafsiri ya Kigiriki. Na ukikuta ndoa, tamko, au jina la baba kwenye dimotoloyio, hapo ndipo pa kulipa pesa: wakili wa Ugiriki, aliyesajiliwa katika chama cha mawakili cha mji wake, ambaye unaweza kuthibitisha usajili wake mwenyewe. Mwombe kwanza maoni ya maandishi juu ya hati ulizo nazo, kwa ada ya kazi hiyo tu. Asiyetaka kutoa maoni bila kulipwa ada yote, achana naye. Na mtu yeyote akikuambia kwamba cheti cha ndoa kinaweza "kupatikana", ujue anazungumzia kughushi. Ukimkubalia, jina la babu yako litaingia kwenye jalada la jinai, na maombi halali ya baadaye, yako au ya mdogo wako, yatakuwa yameharibika.

Ukirudi kutoka Korogwe niandikie tena, na uambatanishe picha za barua pande zote mbili pamoja na bahasha zake kama zipo. Muhuri wa posta kwenye stempu huwa na jina la mji, na kwa mtu ambaye hajui babu alitoka kijiji gani, duara lile dogo la wino linaweza kutuonyesha manispaa ya kuanzia. Na tafadhali, cheti cha Magila usikitie laminesheni. Hati iliyofungwa kwenye plastiki haigongeki muhuri.